Bastola ya Suruali ya Jumapili

Ijumaa, karibu na adhuhuri, Dub Hatchett alikuwa akifuta kioo cha meza yake ya kuuzia kwa kitambaa kilichochovywa siki, kwa kuwa mafuta ya silaha na vidole vya wateja huacha ukungu ambao maji peke yake hayauondoi. Chini ya kioo zililala bastola ndogo za mfukoni, zimepangwa juu ya kitambaa cha kijani, kila moja imeelekeza mtutu wake ukutani. Mbele ya meza, mahali ambapo wenye maduka wengine wangeweka kiti, Dub aliweka benchi la kanisa. Alilipata lilipobomolewa kanisa la zamani la Bethabara ili lijengwe jipya, na wateja wake wote walijua kazi yake. Bastola ya mfukoni, alizoea kusema, haijulikani na mtu aliyesimama. Hujulikana na mtu aliyeketi juu ya ubao mgumu muda wote wa hotuba, mkewe upande mmoja na mkono wa benchi upande wa pili.

Verlon Stackhouse aliingia akiwa amevaa suruali yake ya Jumapili.

"Umefiwa, Ndugu Verlon?" Dub aliuliza. "Au Nelda amekufukuza, ukawahi kuondoka na nguo nzuri tu?"

"Nataka nijaribu na suruali yenyewe."

"Hapo umenena. Wengi wananijia na suruali za shambani, mfuko unaingia kuku mzima, halafu Jumatatu wananirudishia bastola wakisema imenenepa."

Dub alimwomba atoe mfukoni funguo, kijisu na peremende, kwa sababu bastola haikai mfuko mmoja na kitu kingine; kitu kidogo kikipenya penye kifyatulio, mtu huweza kujipiga paja mbele ya jamaa zake. Kisha akachagua ile nyembamba kuliko zote, bapa kama kitabu cha sala, akahakikisha mara mbili kuwa haina risasi, akaitia ndani ya ala yake ya ngozi laini na kuiweka juu ya mizani ndogo. Mshale wa mizani haukusogea sana. Verlon akaipokea na kuitia katika mfuko wa kulia.

Ubao wa sakafu chini ya mguu wake wa kulia ukalia. Bega lake likashuka, na ukanda wa suruali ukavutika upande mmoja mpaka akalazimika kuushika kwa mikono miwili.

"Bado nzito?" Dub aliuliza.

"Bado."

Hali hiyo ilimwanza tangu mwezi wa pili. Jumapili moja ya mvua kubwa aliingia kanisani Bethabara mgeni ambaye hapakuwa na mtu aliyemjua, jina lake Alcide Guidry, fundi wa kuunga mabomba kutoka Louisiana, ambaye gari lake lilizimika barabarani. Verlon ndiye aliyekuwa bawabu wa mlango wa kulia, kama alivyokuwa baba yake, na kwa desturi ya kanisa lile bawabu humpa mgeni kitabu cha nyimbo kwa mkono wake mwenyewe, kikiwa kimefunguliwa penye wimbo unaoimbwa, ili mgeni asione haya. Kwa azimio la waumini, bawabu huyo pia hubeba silaha. Verlon alimpa mgeni kitabu. Mgeni akatia mkono ndani ya koti. Verlon akampiga risasi.

Baraza la raia wa wilaya, linaloamua nani ashtakiwe, lilisikiliza habari hiyo asubuhi moja, likaona hakuna kesi. Wakili wa kanisa alikuwa amemfundisha Verlon maneno ya kusema, nayo hayakuwa mengi: aliingiza mkono ndani ya koti. Bastola ile, iliyokuwa kubwa na ya kuvaliwa kiunoni, ilichukuliwa na sherifu. Tangu hapo kila bastola aliyoitia Verlon mfukoni, ya rafiki au ya kuazima, ilikuwa na uzito wa mtu mzima, mwembamba, aliyelowa mvua. Juu ya meza ilikuwa nyepesi, na mkononi ilikuwa nyepesi. Ikiingia mfukoni tu, Nelda, mkewe, husikia mishono ikikatika akiwa jikoni. Alikwisha kushona mfuko ule upya mara kadhaa kwa uzi wa kuvulia samaki, na safari hii alitumia turubai.

Daktari alimpima mgongo asione kitu. Mkuu wa mashemasi alikuja nyumbani kwao kwa upole, akala kipande cha keki ya njugu, akasema kwamba watu wanaona jinsi Ndugu Verlon anavyosimama ameinama upande kama mti uliopigwa na dhoruba, na kwamba wageni wanauliza. Atafute bastola anayoweza kuibeba kabla ya Jumapili hii, ama mlango apewe mwingine, bila ya mtu kumfikiria vibaya. Suruali tatu zilikwisha kuchanika kwa ajili ya mlango huo, na Nelda alimwambia mkuu wa mashemasi kuwa ya nne ipo.

"Keti," Dub alisema.

Verlon akaketi. Benchi, lililowahi kuchukua familia nzima za watu wanene, likaguna na kuinuka kidogo upande wa pili.

"Si wewe peke yako," Dub alisema. "Wako wengine hapa mjini, siwataji. Mmoja anapita dirishani hapo kila Jumanne, nami naijua saa kwa mlio wa mbao za baraza ya duka. Wengine ni askari wa zamani. Ndiyo maana nina zile." Akaonyesha kwa kidevu kanda pana za ngozi za kuning'iniza suruali mabegani, zilizotundikwa karibu na dirisha kati ya kofia na filimbi za kuitia bata. "Lakini kwanza tupate bastola. Kanda si dawa ya bastola mbaya."

Akatoa ya pili, bastola ya silinda, fupi, ambayo nyundo yake imefichwa ndani ya mwili ili isinase kwenye kitambaa inapotolewa. Alieleza kwamba ile bapa ni tamu kwa macho lakini mpini wake ni mfupi, kidole cha mwisho hukosa pa kushika, na mtu wa umri wa Verlon humwia vigumu kuvuta sehemu yake ya juu ili kuingiza risasi. Hii ya silinda ina tumbo, ni kweli, lakini ala yake hulivunja umbo lake, na mtazamaji hudhani ni leso. Verlon aliitia mfukoni. Uzito ulikuwa uleule.

Kengele ya mlango ikalia, akaingia mwanamke aliyevaa koti jeusi, amebeba bilauri ya plastiki yenye chai ya barafu. Verlon aliijua bilauri. Ilitoka kabatini kwake.

"Mkeo amenambia nitakukuta hapa," mwanamke alisema. "Akanilazimisha kunywa kitu njiani. Mimi ni Eulalie Guidry, bwana Stackhouse. Dada yake Alcide."

"Nakufahamu, mama. Nilikuona siku ya baraza."

Dub akamuuliza kama angependa kahawa, naye akashukuru akasema chai inamtosha. Hapakuwa na kiti kingine, hivyo akaketi kwenye benchi, mwisho wa pili. Upande ule uliokuwa umeinuka ukashuka taratibu, na benchi likakaa sawa. Wakawa wameketi hivyo, wanatazama mbele kama watu wanaongoja wimbo uanze.

Alieleza haja yake bila kupandisha sauti. Mama yao yu hai, huko Opelousas, Louisiana. Majirani wanaomletea chakula wanakiacha mlangoni, na kanisani kwao wenyewe watu wamehama benchi lake, kwa sababu imesemwa kwamba mwanawe aliingia katika nyumba ya Mungu akiwa na nia mbaya. Amekataa kula. Eulalie hakutaka kesi; alikwisha kuambiwa hakuna kesi. Hakutaka fidia. Alirudishiwa viatu vya marehemu nduguye, koti, hata risiti ya kuvutwa kwa gari. Miwani tu ndiyo haikurudi.

"Yule hakuwa anaona herufi hata za kopo la maharage bila miwani," alisema. "Tulikuwa tunamcheka. Nataka neno moja, bwana Stackhouse, nimpelekee mama. Mkono ule ulikuwa unafuata nini?"

Dub aliendelea kufuta kioo mahali palipokwisha kung'aa.

Verlon alikuwa akijua. Alikuwa amempa mgeni kitabu, na mgeni amekishika mbali kwa urefu wa mkono, akakileta karibu na pua, akakirudisha mbali. Kisha akatabasamu kama wanavyotabasamu watu ambao umri umewaumbua mbele ya wageni, akatia mkono ndani ya koti. Verlon aliona pembe ya kibweta cha miwani, cha ngozi ya kahawia, kilichochakaa kwenye mshono. Alikiona kabla, si baada. Habari hiyo hakumwambia mtu ila Nelda, naye Nelda akaenda kutoa nguo kwenye kamba ilhali zilikuwa bado hazijakauka.

"Nilimpa kitabu," Verlon alisema.

Eulalie akageuka kumtazama.

"Nilikuwa nimemfungulia penyewe. Akakishika mbali na macho, hivi." Akanyoosha mkono.

Bastola ikapungua uzito mfukoni. Ilipungua kama inavyopungua ndoo inayovuja, bila haraka. Ukanda wa suruali ukarudi mahali pake, bega la kulia likapanda mpaka likalingana na la kushoto, na benchi likapumua. Verlon akahisi kwenye paja lake kitu kisichozidi uzito wa leso.

"Naam," Dub alisema, naye alikuwa ameona. "Nilikwambia ni hiyo ya silinda. Mwili wake ni alumini. Inataka muda tu kuzoeana na mtu."

Verlon akamtazama Dub. Akatazama kupitia dirisha, ambako mnara wa Bethabara ulionekana juu ya paa la duka la pembejeo, mweupe, umepakwa rangi juzi. Akalifikiria lile neno moja likifika Opelousas, kisha likirudi. Lingerudi kwa wakili na kwa mashemasi waliosimama nyuma yake siku ya baraza, wakiwa wameshikana mikono, wakimwombea. Lingefika kwenye mlango wa kulia. Asubuhi ya Jumapili mtu mwingine angesimama pale, na yeye angeketi katikati ya watu, hana la kufanya na mikono yake.

"Kisha?" Eulalie aliuliza.

"Kisha akaingiza mkono ndani ya koti," Verlon alisema. "Hilo ndilo nililoliona, mama."

Uzito ukarudi wote kwa mara moja. Ubao mmoja wa benchi ukapasuka kwa urefu wake, na chai ikatikisika ndani ya bilauri. Eulalie alisimama, akaiweka bilauri juu ya kioo.

"Mwambie mkeo ahsante kwa chai," alisema. "Ulikuwa umeanza vizuri, bwana Stackhouse."

Kengele ikalia tena. Dub akainua bilauri na kufuta duara la maji lililobaki chini yake.

"Nitaichukua hii," Verlon alisema.

"Ya silinda?"

"Ilikuwa nyepesi kidogo."

"Niliona. Itarudia. Kila kitu kipya kina ukaidi wake." Dub akazitungua kanda za ngozi penye dirisha, akamvisha mwenyewe, akazikaza mgongoni kwa goti kama mtu anayemfunga farasi matandiko. "Hizi zitauhamishia mzigo mabegani. Mabega yameumbwa kwa hilo. Tembea."

Verlon akatembea hadi kwenye rafu ya nguo za mvua na kurudi. Mbao zililia, lakini alikuwa wima.

Jumamosi mashemasi walikuja kanisani na nguo zao za kazi. Walifumua mbao za sakafu penye mlango wa kulia, wakamwaga zege, wakarudisha mbao juu yake na kuzipaka vanishi ili zisitofautiane na nyingine. Wanawake waliwaletea nyama ya kuokwa kwa moshi na saladi ya viazi, na Nelda alileta keki ya njugu. Hakuna aliyeuliza zege ni la nini. Mkuu wa mashemasi alimpiga Verlon bega, akasikia ngozi ya kanda chini ya shati, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Jumapili mvua ilinyesha. Verlon alisimama mahali pake akiwa amevaa suruali yake, na watu walipoingia walimpa mkono na kumwambia kwamba amenyooka, anaonekana kijana. Wimbo wa kwanza ulipokuwa umeanza, mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mmoja mgeni, kofia mkononi, maji yakimtiririka mabegani. Verlon akachukua kitabu cha nyimbo, akakifungua penyewe, akampa kwa mkono wa kushoto.

Mzee akakishika kitabu mbali na macho. Akakileta karibu. Akatabasamu, akatia mkono ndani ya koti.

Mkono wa kulia wa Verlon ukashuka mfukoni. Turubai ya Nelda haikunasa. Ala ilibaki mahali pake kama Dub alivyoahidi, mpini ukajaa kiganjani, na kidole cha mwisho kikapata pa kushika. Mzee akatoa miwani, akaipangusa kwa tai yake, akaivaa, akatafuta mstari kwa kidole na kuanza kuimba.

Verlon naye akaimba, kwa sauti ya chini, mkono wake ukiwa bado mfukoni. Uzito ulikuwa uleule, na sakafu haikulia.