Hatari ya Daraja la Tatu

Ndeshi alisema hapana mara tatu jioni ile, na kila aliposema, ukumbi ulicheka zaidi.

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Januari, katika ukumbi mdogo wa majengo ya fleti huko Vickery Meadow, Dallas. Watanzania wapatao ishirini wa chama kimoja walikuwa wamekutana kukamilisha mipango ya safari yao ya ski, kuteleza juu ya theluji, kwenye milima ya kaskazini mwa New Mexico. Ndeshi, nesi wa miaka arobaini na tisa, alikuwa ametoka nyumbani kwake Pearland, karibu na Houston, mchana huo na kuendesha saa tano kuja kikaoni. Wiki mbili kabla aliahidi kuendesha gari la pili la msafara. Sasa alikuwa anakataa.

"Twende Jumapili," alisema. "Dhoruba inaingia Ijumaa usiku, na Jumamosi nzima kutakuwa na upepo."

Vicent, kiongozi wa safari, mwenye ofisi ya bima huko Garland, aliinua simu yake watu waione. "Jumamosi hii hapa, dada. Jua. Jua tupu, hata wingu hakuna."

"Hilo ni jua la mjini, bondeni. Lifti za waya zinatupeleka futi elfu tatu juu ya huo mji. Mlima una utabiri wake, kaka Vicent, na huo hujaufungua."

"Nimeufungua." Alitelezesha kidole kwenye simu. "Hatari ya maporomoko ya theluji: daraja la tatu kati ya matano. Tatu! Katikati kabisa. Shuleni hiyo ni C, mtu umefaulu."

Watu wakacheka. Method, rafiki yake Vicent, akapiga meza.

Ndeshi alisubiri kicheko kiishe. Hakupandisha sauti. "Watu wengi wanaofukiwa na theluji hufukiwa siku ya daraja la tatu. Siku ya daraja la nne na la tano kila mtu anaogopa, anabaki ndani anakunywa chai. Siku ya daraja la tatu wanatoka, kwa sababu kuna mtu amewaambia kwamba tatu ni katikati."

"Lakini wewe ni nesi, si mtu wa hali ya hewa," alisema Vicent.

"Ni nesi. Kazi yangu ni kusoma namba kabla mgonjwa hajabadilika rangi. Na hizi ni namba. Mwezi huu wote huko juu kumekuwa na baridi kavu. Theluji ya zamani imegeuka chembechembe kama sukari, haishikani. Kesho usiku inashuka futi moja na nusu mpya. Upepo utaibeba na kuishindilia upande mmoja wa mlima iwe kama ubao mzito, umelala juu ya sukari. Na wewe umewaahidi watu bonde la nyuma, nje ya eneo linalolindwa, upande huo huo."

"Bonde la nyuma ndiyo safari yenyewe!" alisema Vicent. "Wenzetu wanapita huko kila mwaka. Tumekuja Marekani kuogopa theluji?"

Ndeshi hakuwa mtu wa kuogopa theluji. Alijifunza ski akiwa na miaka arobaini na mmoja, alipokuwa na mkataba wa kazi Colorado, akianguka mbele ya watoto wa miaka mitano na kuinuka. Na kabla ya hapo alikuwa mtoto wa Machame, chini ya Kilimanjaro. Baba yake alikuwa mpagazi wa mlimani. Siku moja aliona wingu akamwambia kiongozi wa wageni kwamba wasipande. Kiongozi akasema wanapanda. Baba akajibu, "Sawa, bosi," akajitwisha mzigo. Alirudi hai, lakini vidole vitatu vya mkono wa kushoto, vilivyoganda kwa baridi, vilikatwa hospitalini, na utoto wake wote Ndeshi alimfungia baba yake vifungo vya shati. Kilichomuuma mzee kuliko vidole ni lile neno "sawa".

"Siendeshi kesho," alisema. "Hiyo ni hapana ya mwisho."

Ndipo Natalia aliposimama. Alikuwa binti yake wa pekee, miaka ishirini, mwanafunzi wa chuo hapo Dallas, anayeteleza vizuri kuliko mama yake.

"Mimi naenda, Mama. Nitapanda na anko Vicent."

Ndeshi alisikia uso unamchoma. Angeweza kumkataza pale mbele ya watu, na pengine mtoto angetii. Lakini Natalia alikuwa mtu mzima.

"Simu yako iwe na chaji," alisema. "Nikipiga, upokee."

Ijumaa alfajiri msafara uliondoka na magari mawili, la pili likiendeshwa na Method. Ndeshi alirudi Pearland peke yake.

Jumamosi asubuhi alikuwa zamu katika hospitali moja mjini Houston. Saa nne simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Vicent alikuwa ametuma video kwenye kundi la chama: anga la bluu, theluji inang'aa, watu wanacheza. Chini yake maneno yakafuatana. *Dada Ndeshi, dhoruba iko wapi? Tumtumie mwavuli mama wa utabiri. Tatu ni C jamani!*

Alisoma akiwa amesimama kwenye korido, karibu na kitoroli cha dawa. Aibu ilimpanda. Kwa dakika nzima alifikiri: je, kama nimekosea? Kama nilitaka kuvunja safari ya watu kwa sababu ya baba yangu?

Wakati wa mapumziko hakula. Alifungua taarifa za kituo cha kupima upepo kilichoko kwenye kilele chenyewe. Theluji iliyoanguka usiku: inchi ishirini. Upepo wa ukingoni: maili arobaini na nane kwa saa, ukivuma kwa nguvu hufika sitini na mbili, kutoka magharibi. Ilikuwa saa sita, saa tano kule mlimani. Jua halikubadilisha chochote. Jua lilifanya tu watu watake kutoka.

Akapiga. Natalia alipokea baada ya mlio wa pili, akihema.

"Uko wapi?"

"Kwenye lango la bonde la nyuma. Tuko sita. Mama, it's beautiful, hakuna upepo hata kidogo."

"Hapo mmejificha nyuma ya mlima, ndiyo maana huusikii. Tazama juu ukingoni. Unaona nini?"

"Kama moshi. Moshi mweupe."

"Huo moshi unaelekea wapi?"

"Unakuja huku kwetu."

"Si moshi. Ni theluji inang'olewa upande wa pili na kurundikwa hapo mnapotaka kupita. Inaendelea kurundikwa hivi sasa tunavyoongea. Chomeka fimbo yako ya ski, polepole. Niambie unavyosikia."

Ndeshi alisikia mkwaruzo. "Ni ngumu juu," alisema Natalia. "Nasukuma. Ngumu. Halafu... oh. Inadumbukia. Kama chini hakuna kitu."

"Hiyo ndiyo sukari."

Simu ikachukuliwa. "Dada Ndeshi," sauti ya Vicent ilikuwa na kicheko lakini si cha furaha, "unaongoza mlima kutoka Houston?"

"Ndiyo."

"Hawa ni watu wazima. Tumeendesha saa kumi na mbili. Mtoto wako ana uzoefu kuliko sisi wote."

"Basi mpe simu yake, umsikilize huyo mwenye uzoefu."

Natalia alirudi hewani. Ndeshi alitaka kupiga kelele. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Sikuambii itaporomoka. Mimi sijui. Nasema inaweza, na ikiporomoka hakuna wa kukuchimbua. Uamuzi ni wako."

Kisha akasikia, mbali kidogo na simu, mwanawe akisema kwa Kiswahili ambacho kwa kawaida hakupenda kukitumia mbele za watu: "Anko, mimi siingii. Na wewe usiingie."

"Natalia, usinivunjie heshima."

"Sikuvunjii. Siingii."

Kulikuwa na maneno mengi baada ya hapo, mengine yamemezwa na hewa. Alichokuja kusimuliwa baadaye ni kwamba Method alichomeka fimbo yake, mara moja, mara ya pili, akaitazama ilivyozama, akageuza ski zake. Wengine watatu wakamfuata. Vicent alisimama langoni peke yake kwa muda, akafoka kwamba wameharibu siku, kisha akarudi nao kwenye miteremko iliyowekewa alama.

Ndeshi alirudi wodini. Saa kumi na robo simu ikalia.

"Mama." Natalia alikuwa analia. "Theluji imeporomoka. Bonde lote. Tulikuwa kwenye lifti tukasikia mngurumo, tukageuka tukaona. Miti imekatika. Hakuna mtu aliyekuwamo, walinzi wa mlima wamehakikisha. Mama, pale pale. Tungekuwa pale pale."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi lia, mwanangu. Nipo."

Wiki mbili baadaye chama kilikutana tena. Ndeshi alidhani wataongea juu ya safari. Badala yake Vicent alisimama na karatasi. Alisema anamshukuru Mungu kwa usalama wa wote. Kisha akasema kwamba hata hivyo nidhamu ni nidhamu. Mtu aliyeahidi kuendesha akagoma, na kupiga simu kupinga kiongozi mbele ya vijana, anapaswa kuomba radhi ili yaishe. Wazee wawili walitikisa kichwa kukubali. Mmoja alimwambia Ndeshi kwa upole, "Mama Natalia, neno moja tu. Amani ni kitu kizuri."

Ndeshi alisimama.

"Shikamooni wazee wangu. Nawaheshimu, na kaka Vicent namheshimu. Radhi siombi."

"Dada..."

"Subiri, nikueleze. Hata kama theluji isingeporomoka, nisingeomba radhi. Namba zilikuwa zile zile asubuhi, na zilikuwa zile zile jioni. Mngerudi salama mkanicheka mwaka mzima, ningekuwa sawa bado. Anayetaka kujifunza kuzisoma, nitamfundisha bure, Jumamosi yoyote ambayo siko zamu. Anayetaka niseme nilikosea, atasubiri."

Alikaa. Hakuna aliyepiga makofi. Vicent alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni, akasema waendelee na ajenda inayofuata.

Method alivuta kiti chake hadi kilipogusana na cha Ndeshi. Aliinama akauliza kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, "Dada, ile ya upepo wa ukingoni, inapatikana wapi?"

Ndeshi alitoa simu yake akaiweka mezani, ambapo kila mtu angeweza kuiona, akaanza kumwonyesha.