Tutaona na Tutaoana

Uvumilivu haukuwa fani ya Bibi, na siku hiyo ulimwishia kabla ya chai. Mjukuu wake, fundi wa maabara, alikuwa amemaliza riwaya nene ya Waingereza wa enzi za magari ya farasi, iliyofasiriwa kwa Kiswahili safi, na sasa hakuwa na lake ila kumlaani kijana aliyemo. Kijana huyo, mwenye tamaa ndefu kuliko kamba ya kisima, alingojea jumba la mjomba wake. Alipolirithi tu, akaoa binti wa tajiri na kumwacha mshonaji aliyempenda.

Hamaki ya Bibi haikuwa ya kitabu pekee. Hospitali ya mji wa mbali ilikuwa imempa mjukuu kazi, naye alitakiwa kujibu kabla ya jioni. Mchumba wake alimtaka aikatae, asubiri hadi yeye mchumba agawiwe mirathi ya marehemu baba yake.

"Alimdanganya, Bibi! Alimwahidi ndoa!"

"Hakumwahidi."

"Bibi nawe! Pale bustanini je?"

"Nisomee."

Mjukuu, aliyekuwa akipiga nguo pasi, akaisimamisha, akapekua kurasa. "'Nikirithi, mpenzi, nitaoa.' Umesikia?"

"Nimesikia kukushinda. Ataoa nani?"

"Si yeye! Yuko mbele yake. Ataoa farasi?"

"Mbona basi hakusema *nitakuoa*? Hiyo *ku* haina uzito wala ushuru, naye kitabu kizima hakuitamka. Mshonaji akajitilia mwenyewe, akashiba harufu ya chungu cha jirani!"

"Watu hawapendani kwa sarufi, Bibi."

"Ndiyo maana wanaachana kwa kamasi! Huyo wako husemaje?"

"Wangu ameandika kabisa." Akaitoa simu kwa madaha. "'Usiende, mpenzi. Mirathi ikitoka tutaoana.'"

Bibi akavaa miwani. "Hapa pameandikwa *tutaona*."

"Ameruka herufi. Unajua anavyoandika."

"Namjua. Mara ngapi ameiruka?"

Mjukuu akasogeza ujumbe juu, kisha juu tena, na kadiri alivyosogeza ndivyo madaha yalivyomtoka. Tutaona. Tutaona. Kila mara alikuwa ameisoma kwa *a* aliyoitia yeye. Akampigia.

"Uliandika tutaona au tutaoana?"

"Aa, mpenzi, leo umekuwa bibi yako?" Sauti ilicheka simuni. "Kwani kuna haraka gani? Wewe wakatalie hao wa hospitali, mengine tutaona."

Akakata simu. Machozi yakamlenga.

"Jibu hospitali kwanza," Bibi alisema. "Kilio hakina siku ya mwisho."

"Bibi, huna huruma!"

"Sina. Andika."

Akaandika huku akilia kwamba kazi ameipokea na atafika mwanzoni mwa mwezi, akatuma bila kumwonyesha mtu. Bibi, aliyezoea kushinda kila ubishi wa nyumba hiyo, alimtazama mjukuu akitafuta sanduku la safari, akakasirika upya: safari hii angependa mno kushindwa.