Nilivyotoa Mkwajuni

Nikiri mapema: nasinzia kazini. Ni saa nane mchana, ugali wa kantini umenilemea, feni imekufa tangu juzi, na mezani limelala turubai la tangazo la kampuni ya kubeti, linangoja muhuri wangu kabla ya saa kumi. Mimi ni mtu wa rula. Kampuni zenye leseni huleta turubai limekunjwa, nami nakunjua pindo la chini tu, napima herufi za onyo la kamari, zikifika sentimita mbili nagonga muhuri. Miaka sita sasa, sijawahi kulikunjua hata moja lote. Hili limefika sentimita mbili kamili. Kinachonikera hakimo kwenye kanuni: bango litasimama njia panda ya Mkwajuni, likitazamana na karakana ya mdogo wangu Fulgensi, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye hajabeti tangu Pasaka. Mkewe Koleta amerudi kwa sharti hilo, na ameapa kwamba akiondoka tena harudi. Nafumba macho nifikiri vizuri. Kufikiri gani! Usingizi hauna adabu, kichwa kinashukia turubai, turubai linajikunjua lenyewe, linatoka mlangoni, linateremka ngazi, na mimi niko juu yake, natembea.

Ni barabara laini isiyo na vumbi, na kila kona nikiikata nakuta kona ileile. Mabango yamesimama huku na huku yakitazamana kama vioo vya kinyozi, mji ndani ya mji, na katika kila mji watu wanacheka kwa meno yote. Rula ninayo. Nazitafuta herufi zangu za chini, nikisogea zinarudi nyuma, nikiinama zinazama majanini. Mtu ananifuata, kavaa suti nzuri, ila penye uso pana duara jeupe, lile linaloachwa wazi ili baadaye ibandikwe picha ya mshindi. Kuuliza si ujinga, namwuliza, ndugu, onyo liko wapi? Lipo ulipoliweka, anajibu. Nililiweka chini. Chini wapi, mama? Napandwa na hasira, sipendi kuchezewa na mtu asiye na uso, namwonyesha rula, namwambia sentimita mbili, kanuni imetimia. Imetimia, anaitikia kwa upole, nani amekataa? Kisha anasema, kitendawili. Na mimi niliyelelewa kwa vitendawili neno linanitoka: tega. Nasema kweli barabarani kutwa, hakuna anayenisikia, anatega. Kengele mbovu, najibu. Siyo. Kichaa wa sokoni. Siyo. Umeshindwa, nipe mji.

Mchezo huu kila mtoto anaujua, ukishindwa unatoa mji, na mjanja hutoa mji wa mbali asiko na ndugu. Lakini miji ya mbali yote imenitoka kichwani, ulimi unapapasa na unakuta jina moja. Chukua Mkwajuni, nasema, na hapohapo moyo unaniuma, nimejua nimetoa nini. Yeye anaendelea kwa desturi: nilikwenda Mkwajuni, watu wa Mkwajuni wakanikaribisha, nikala nikashiba, nikamkuta fundi kainamia kazi yake, nikamwinua kichwa. Jibu ni onyo la chini ya bango. Na kweli, Fulgensi yuko ng'ambo ya barabara, miwani yake ya kuchomelea ameisukuma kwenye paji, mwanga wa bango umemjaa usoni. Dada, ananiita, huku juu naona wananiita mshindi, huko chini wameandika nini? Nisomee. Napiga magoti, napima, sentimita mbili zipo. Nikivuka kusimama pale aliposimama yeye, sioni herufi hata moja. Nisomee, dada, anasema, na uso wake unaanza kufutika, kwanza nyusi, halafu pua. Fulgensi!

Bi Editruda, unaita nani? Ni Mzuanda, tarishi wetu, kasimama mlangoni. Saa kumi kasorobo, mama, wenye turubai wanauliza. Muhuri uko mkononi mwangu, umelowa wino, wala sijui nimeushika saa ngapi. Pindo ni safi, bado. Namwambia Mzuanda alibebe turubai, alining'inize lote kwenye varanda ya ghorofa ya pili. Lote, mama? Lote. Nateremka, navuka barabara, nasimama ng'ambo kati ya watu wanaopita, na kwa mara ya kwanza naliona zima. Limefunika madirisha manne. Linapendeza, nisiseme uongo, ila herufi zangu sizioni. Pembeni yangu amesimama mtu wa suti, namwona kwa upande wa jicho tu. Ndugu, namwuliza, hapo chini wameandika nini?

Chini wapi, mama?

Mzuanda, lishushe, napaza sauti mpaka watu wanasimama, halipiti! Kanuni gani, mama? anauliza toka juu, nami sina kanuni ya kumpa, nina Mkwajuni tu, nataka nirudishiwe. Halipiti, narudia, kama hapa ni kazini halipiti, na kama bado nimelala halipiti vilevile. Mtu wa suti anacheka kidogo. Simgeukii, naogopa kumtazama uso.