Gauni la Saa Nne

"Tulia, shangazi, bado sponji ya kushoto," binti alisema, akaikamua mpaka maji ya chumvi yakaacha kudondoka. Akaichomeka ndani ya mkanda wa umeme wa kutibu sonona, akauvuta juu ya paji la uso la Fundi, shangazi yake, akaufunga kisogoni. Taa nyekundu ikawa ya kijani. Mchonyoto ukaanza, kama siafu wanaopita bila kuuma.

Kwenye simu iliyoegemezwa boksi la nyuzi, muuguzi wa kliniki aliuliza maswali yake ya kila siku. Amelala? Amekula? Amewaza kujidhuru? Fundi alijibu moja moja. Kabla ya kukata simu muuguzi akaongeza jambo: leo ndiyo siku ya mwisho, kesho mkanda unarudi kliniki, wapo wengine wanaoungojea.

Fundi aliokota sindano. Mikono yake ilikuwa imeshaondoka mapajani.

Kushona huku kulianza siku ya tisa ya tiba. Kabla ya hapo alikuwa amelala miezi minane akitazama ukuta, sonona imemkalia kifuani, na binti wa kaka yake akishona peke yake, mishono ikienda upogo. Siku hiyo ya tisa, mkanda ukiwa kichwani, aliomba mkasi. Akakata kitambaa cha bluu bila chaki, bila utepe wa kupimia. Nusu saa ilipotimia mkanda ukalia mlio wake mwembamba, na mikono ikaanguka, sindano imesimama katikati ya mshono. Alipoulizwa ni gauni la nani, alisema hajui. Ikawa hivyo kila siku: saa nne anashona, saa nne na nusu anazimika.

Binti alipekua daftari la vipimo, jalada hadi jalada. Mabega yale hayakuwa ya mteja yeyote. Mama Mapacha wa duka la jirani alilijaribu, likampwaya, akacheka kwamba mwenye gauni hili atakuwa na mabega ya kupakia magunia. Kisha akaacha kucheka. Alilivua haraka, akasema lina joto. Binti akamwambia ni pasi hiyo. Lakini pasi haikuwashwa siku ile.

Sasa Fundi alikuwa kwenye vifungo. Cha tatu. Cha nne. Mkanda ukalia, taa ikazimika.

Binti alibana pumzi. Kama mikono ingeanguka leo, kesho kusingekuwa na kitu cha kuiinua. Sindano ilisimama, kisha ikaingia tena kwenye kitambaa. Kifungo cha tano. Cha sita kilichukua muda mrefu, jasho likimtoka puani, na alipokimaliza akakata uzi kwa meno.

Binti akamwambia alivae yeye mwenyewe basi, nusu utani. Lilimning'inia kila mahali. Ile miezi ilikuwa imemla. Binti alimtazama, akaenda nyuma ya mlango, akalitoa koti la kazi la shangazi yake ambalo halikuguswa tangu augue. Fundi alipolivua gauni, akalilaza mezani na koti juu yake. Bega kwa bega. Kiuno kwa kiuno. Daftarini hakuwamo, maana fundi huyu alipima watu wote isipokuwa yeye.

"Ni wewe, shangazi. Ulivyokuwa."

Fundi alipitisha kidole kwenye kola. "Nilidhani huyo ameshaenda zake," alisema polepole. "Kumbe ameagiza nguo."

Dukani humo kila nguo iliyokamilika hubanwa kikaratasi kolani: jina la mwenyewe na siku ya kuichukua. Fundi aliandika siku, kesho. Mahali pa jina akapaacha wazi. Binti akalipiga gauni pasi mpaka mikono yake ikanyooka kama rula, akalitundika, akafunga duka.

Asubuhi mtu wa kliniki alilichukua boksi la mkanda. Saa nne ikafika, paji la uso la Fundi likiwa kavu. Alikaa mezani, mikono mapajani.

Binti alilisogelea gauni aondoe uzi uliojitokeza, akasita. Jana alilinyoosha lote, lakini kwenye viwiko kulikuwa na mikunjo, ile mikunjo laini ya nguo iliyokwisha kuvaliwa. Akageuka kumwangalia shangazi yake.

"Mwenyewe amefika. Mvutie kiti," Fundi alisema, na mkono wake ukaingia kwenye boksi la nyuzi, ukaanza kuchagua uzi.