Maji ya Lengalenga

Mkasi ulimponyoka Fadhila tena, ukaanguka chini ya meza kwa kishindo. Mama mkwe wake, Bi Sijaona, aliyeketi mkekani kando ya dirisha, alijifanya hakusikia. Pale kwao, mtaani Bwiza, heshima ndiyo hiyo: aibu ya mwenzio unaipitia kando.

Maharusi wa mtaa mzima wamekatiwa nguo na Fadhila tangu ujana wake. Sasa zamu ilikuwa ya Houda, bintiye wa pekee, na kitambaa kilikuwa kabatini kikingoja. Mafundi wengine wapo, tena wazuri, lakini Fadhila alikwisha kuapa kwamba hakuna mwingine atakayetia mkasi kwenye gauni la mwanawe. Mkono wenyewe ndio huo, umelegea, na presha nayo imepanda.

Elsa, muuguzi wa zahanati ya jirani, alikuwa akisimamia utafiti mdogo wa wanawake wa umri wa Fadhila, naye Fadhila akajiunga. Aliwaeleza kuwa lengalenga, yaani mchicha, zina kitu kiitwacho naitreti, ambacho husaidia mishipa ya damu kutanuka, na walitaka kuona kama kitashusha presha na kutia nguvu mikononi. Basi akina mama wakaambiwa wale lengalenga kila siku, dawa zao wasiziache, kisha warudi kupimwa na kuminya kidude cha chuma chenye mshale wa kuonyesha nguvu za mkono.

Fadhila alikula lengalenga, jamani, mpaka mumewe Ilias akauliza kama ameoa mbuzi. Aliporudi zahanati, presha ilikuwa ile ile na mshale haukusogea. Wenzake walicheka wakilinganisha nguvu zao. Yeye akavuta mtandio usoni kuficha machozi. Elsa akamketisha pembeni, akamwuliza anazipikaje.

Hapo Fadhila akajibu kwa maringo kidogo, maana kwa upishi hana mpinzani. Anachemsha, anakamua mpaka tone la mwisho, ndipo anakaanga na kitunguu. Mboga ya majimaji mbele ya mgeni ni fedheha kwa mwanamke wa mjini. Bi Sijaona mwenyewe alimfundisha hivyo wiki ya kwanza ya ndoa.

"Na yale maji?" Elsa akauliza.

"Mama mukwe ndiye anakunywa. Meno hana, na mi sipendi kumwaga."

Elsa akatikisa kichwa taratibu. Akasema naitreti nyingi huenda ilibaki humo kwenye maji.

Njiani Fadhila akakumbuka jinsi mama mkwe wake siku hizi anavyojikamulia nguo zake mwenyewe. Wivu ukampanda, wivu wa kijinga, kisha akaona haya kumwonea mzee wivu kwa kikombe cha maji. Kuanzia jioni hiyo akapika mboga na maji yake, fedheha na iwe fedheha. Ila harusi ilikuwa imekaribia mno, mkono usingewahi kupata nguvu.

Siku ya kukata, alitandaza kitambaa mezani, akashika mkasi, vidole vikakataa. Akaketi akalia, na katika kilio hicho akamweleza mama mkwe habari yote ya maji.

Bi Sijaona alicheka mpaka akakohoa. Akajiinua mkekani, akaja, akaufunika mkono wa Fadhila kwa mkono wake na kuubana juu ya mkasi.

"Maji ilikuwa yako, mwanangu," akasema. "Basi na huu mukono ni yako. Kata."

Wakakata pamoja, kuanzia begani hadi pindoni, na mkasi haukuponyoka.