Sauti ya Pili ya Wambeti

Gitaa langu ni la mbao ya mti ulioangushwa na ndovu katika msitu wa Imenti, na ndovu mwenyewe nilimlipa miwa miwili. Watu wa Makutano wameisikia hadithi hiyo mpaka wamechoka. Kila nilipoisimulia, mke wangu Wambeti alisema kutoka jikoni, bila hata kugeuka, "Baba Gladwell, punguza."

Nami hupunguza. Nabakisha muwa mmoja.

Mwezi wa Januari Wambeti akapigwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitalini hasemi, hacheki, ananiangalia kama mtu aliyekuja kusoma mita. Nikamwambia samaki wote wa mto Kathita wamenichagua niwe chifu wao. Nikangoja aniambie nipunguze. Wapi.

Muuguzi alisema wimbo huweza kufika pale maneno yaliposhindwa, basi nikaukumbuka wimbo wetu wa mavuno. Mimi ni Mmeru, yeye ni wa Embu, na tulijuana huko kwao, kwenye kwaya, nilipohamishwa na idara ya maji. Sisi wa besi tulisimama nyuma ya wanawake wa alto, yaani sauti ya pili, kwa hivyo nilikipenda kisogo chake kabla sijauona uso. Siku hizi sauti yangu imekauka, lakini vidole ninavyo. Nilipostaafu nilijifunza gitaa la nyuzi za nailoni kupitia simu, kwa Mhispania mmoja asiyejua kama nimezaliwa.

Nikachukua karatasi ya solfa, zile noti za do-re-mi, yenye sauti zote nne, nikazipakia zote kwenye nyuzi sita. Kisha nikampelekea Mwalimu Thuranira, aliyefundisha muziki mpaka nywele zikamtoka.

"Kiunga, hii ni nini? Soko la Gakoromone?"

"Ni wimbo, Mwalimu."

"Ni watu wanne wanagombania mlango mmoja! Sikiza. Kidole gumba kipige besi. Shusha wimbo mpaka besi iangukie nyuzi ambazo hujazibana, zilie zenyewe. Kidole cha pete kiimbe sauti ya kwanza, na isikatike hata ukihamisha mkono. Hizo mbili za katikati, toa."

"Hata alto?"

"Hasa alto. Imekaa hapo katikati tu, nani huisikia?"

Nikatoa. Nilikaa miezi miwili na wimbo huo. Uzi wa sita niliulegeza mpaka ukanguruma kama chui wa milima ya Nyambene. Sauti ya kwanza ikapanda juu yake safi, haina pengo, kila noti ikishikilia mkono wa mwenzake. Thuranira alivua kofia, na hapo siongezi chumvi.

Nikaanza kumpigia Wambeti kila asubuhi baada ya chai. Siku kumi na tisa. Aliangalia pazia.

"Baba, unamchosha," Gladwell, binti yetu, akaniambia. Alikuwa akiosha vikombe, na alipoendelea akaanza kuimba puani. Nikasimama.

"Unaimba nini?"

"Si ni huo wako wa mavuno? Hivyo ndivyo Mama alikuwa anatuimbia tukilala."

Ilikuwa alto. Ile iliyokaa katikati, haipandi, haishuki sana. Nikakaa chini. Jikoni, shambani, akimbeba mtoto, Wambeti hakuwahi kuimba nyingine. Kwake huo ndio ulikuwa wimbo mzima. Na mimi niliyesimama nyuma ya kisogo kile miaka yote, nikiisikia kabla ya mtu mwingine yeyote, sauti hiyo ndiyo niliyoitupa kwanza.

Nikaanza upya. Alto nikaiweka juu peke yake, sauti ya kwanza nikaifuta. Ni kazi ngumu, kwa sababu noti ileile ikirudi mara tano huonekana kama gitaa limekwama. Nilijaribu kila uzi, nikitafuta mahali itakaposikika kama mtu anayepumua. Siku ya tano, Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa nimebakisha mistari miwili, Gladwell akaniita.

Niliweka gitaa juu ya meza polepole. Nadhani nilijua.

Siku ya mazishi niliimaliza na kuipiga. Kwaya yote ya Makutano ilikuwa imeketi mbele yangu, watu wanaouimba wimbo huo kila mwaka, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Walisikiliza kwa heshima, kama wageni. Mmoja tu angeutambua, na alikuwa amefunikwa.

Nilipokaa, Thuranira akaniinamia. "Pole sana, mzee. Mzuri huo. Ni wimbo gani?"

Nikamwambia nilifundishwa na malaika saba, walioshuka Nyambene wakiwa wamepanda punda mmoja. Kisha, kwa mazoea, nikangoja.