Kosa la Kulipa Mapema

Glenys Hartshorn alifika maktaba ya mji wa Rotherham, Uingereza, miguu ikimwaka moto, maana tangu asubuhi alikuwa amesimama jikoni mwa shule akiwapakulia watoto viazi. Kwenye meza ya ushauri wa bure wa madeni alikuwapo Desmond, mzee mstaafu mwenye sweta lililotoboka kiwikoni. Glenys akamsogezea barua ya kampuni ya kadi ya mkopo.

"Walisema nikihamishia deni langu kwao, miezi ishirini na nne bila riba. Mwezi wa tisa tu tangu nihamie, wamegeuka, wananitoza riba. Wanaruhusiwa?"

Desmond alisoma taratibu, akafika hadi kwenye yale maandishi madogo yanayoandikwa na watu wasiotaka yasomwe.

"Kwa kujiamulia tu, hapana. Ila ukiruka mwezi, mkataba unawaruhusu. Wanasema Agosti hukulipa."

"Nililipa, ndugu yangu. Tarehe tatu. Nilikuwa naenda pwani, Skegness, na dada yangu, wiki moja kwenye karavani, kile kijumba cha magurudumu, nikasema nisije nikasahau."

"Taarifa yao ya mwezi ilitoka tarehe tano. Ulicholipa kabla ya hapo wanakihesabu cha Julai. Na Julai ulishalipa."

Glenys alimtazama. "Kwa hiyo ningekuwa mvivu ningepona."

"Ungepona, mama."

Hata hasira hakuwa nayo; hasira nayo inataka nguvu. Miaka sita sasa, akitoka shule alikwenda kusafisha ofisi za watu mpaka saa mbili usiku, na mpaka alipolihamisha deni, chote alichopata huko kililiwa na riba. Bila riba, mshahara wa shule ungetosha kulimaliza deni, na jioni angekaa kwake, aweke miguu juu ya kiti. Hakuwa ametamani kingine.

"Tutalalamika," Desmond alisema. "Wakikataa, yuko msuluhishi wa malalamiko ya fedha juu yao. Itachukua miezi mitatu, pengine sita."

"Na riba?"

"Inaendelea. Una karatasi? Andika barua ninavyokutajia, ukifika nyumbani uinakili vizuri."

Glenys alipekua mkoba. Karatasi ilikuwa moja tu, imekunjwa mara mbili: barua kwa msimamizi wake wa usafi, kwamba Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Alikuwa ameshatia sahihi kabla riba haijarudi. Aliinyoosha mezani, akaigeuza upande mweupe.

"Haya, taja," alisema. "Ila usinicheleweshe, saa kumi na moja naingia kazini."